Chifu wa Vidung'ata

Bibi mke wangu, shikamoo!

Dodoma imejaa mawaziri, ila bingwa ni mmoja tu, na ndiye anayekuandikia. Ule mche wa kahawa uliompa Shangazi Neema siku ya harusi yake umekuwa mti hapa Nkuhungu, kwenye vumbi hili na upepo wa kubeba sufuria. Anaunywesha maji ya kuoshea mchele, na mwaka huu ndio uzao wa kwanza. Nimeukuta umejaa vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga wanaonyonya utomvu.

"Matunda yakipukutika nitamwambia nini mama?" Shangazi akalalamika.

"Tulia, daktari kafika!" Nikawaponda kwa vidole, nikianza na wale wakubwa wenye manyoya, maana niliona ndio machifu. Jioni nikalishwa ugali wa uwele na mlenda mpaka nikashindwa kuinama.

Chifu mmoja nilimtia kwenye chupa pamoja na vidung'ata wadogo, nikawaringie majirani. Asubuhi wadogo hakuna, yeye kanenepa! Kumbe wale wakubwa si vidung'ata. Ni wadudu wanaowala vidung'ata, ila wamevaa sare ya adui.

Uishi sana, mke wangu, na meno yako yote matatu. Shangazi anakusalimu kwa furaha. Hajui kwamba niliowaua ndio walikuwa askari wetu, na vidung'ata wameanza kujaa tena. Yule wa chupani nimemrudisha mtini, na sasa nashinda hapa chini nikifukuza kuku wasimle, maana amebaki peke yake.

Mumeo,
Festo