Kibao cha Kushoto

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti sasa hayapokei amri bila kujadiliana.

Nina taarifa ya msiba. Ile kompyuta yetu ya kuchomeka kwenye televisheni imekata roho. Ile ya vibonye vya mpira, mteja aliyeileta nimtengenezee akahama mji na hadi leo anakuja kesho. Nimeifungua, nimeipima, nimebadilisha kila kinachobadilishwa. Ubongo wenyewe umeungua, na hautengenezwi tena popote. Mimi, fundi televisheni, nimeshindwa na kitu kisicho hata na kioo chake.

Usicheke. Tangu mama yako atutoke, nimekuwa nikicheza ule mchezo wa mpira na vibao viwili. Mkono wangu wa kulia ni mimi, wa kushoto ni yeye. Sasa mkono wake unafungwa kila siku, na unajua enzi zake alivyokuwa akinifunga huku anaongea na jirani dirishani. Namshinda, halafu naona haya.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na msiba, na pole ya magoti. Mimi sijambo, nanuka hamira tu. Huku ughaibuni, kwenye kiwanda cha mikate, tunaingia alfajiri, tukitoka macho yamejaa unga.

Sikiliza. Kuna watu wameandika programu inayoigiza kompyuta ile ndani ya kompyuta za siku hizi. Mchezo uleule, rangi zilezile, hata ule mlio wake wa kugonga bati. Nimemtumia fundi simu wa hapo mtaani maelekezo na pesa ya kompyuta ya mtumba, aje akuwekee. Na kuna zaidi: kwa intaneti wewe utashika kibao cha kulia huko, mimi cha kushoto huku. Kila Jumamosi saa kumi alasiri kwa saa za huko kwako, nikishatoka kazini.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Fundi simu alikuja, akabonyeza, akanywa chai yangu yote, akaenda. Lakini kazi yake haina lawama.

Jumamosi mbili sasa! Ya kwanza ulikosakosa mipira nikakuonea huruma. Jana ukanigeuka, ukanifunga kama mama yako. Nimehamisha meza ikae karibu na dirisha, na ninavaa shati la kutokea. Najua hunioni. Hata kunisikia hunisikii, ila huwa nakusimulia habari zote za mtaa tukicheza. Wiki nzima naziweka akiba.

Baba yako

23 Aprili

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa ufupi, kazi zimebana. Natumaini hujambo. Nafurahi ukifurahi. Tutaonana Jumamosi, palepale.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini afya njema.

Jana katikati ya mchezo mtu alibisha hodi. Nikaacha kibao changu, nikaenda. Alikuwa mama mwenye nyumba, na yeye haagi mara moja. Niliporudi nilikuta umenifunga mabao hadi namba zimeishiwa nafasi kwenye skrini. Nikakaa, nikakunja mikono, nikatazama. Ukaendelea kunifunga.

Mtu angesimama. Angejiuliza, huyu mzee kapatwa na nini? Wewe hukujiuliza.

Ndipo nikakumbuka kwamba tangu ipite ile Jumamosi ya kwanza hujakosa mpira hata mmoja. Wewe, uliyekuwa ukikosa mlango wa chumba chako mwenyewe! Nilidhani mtoto amejifunza.

Sijakasirika. Mashine inacheza vizuri, nami sijawahi kuidharau mashine. Ila nimeisimulia mengi. Nimeisimulia hata ndoto ninazomwota mama yako, ambazo wewe nilikuwa naona aibu kukuandikia.

Siku nyingine ukikosa nafasi, usije. Kiti kitupu nakijua, tunaishi pamoja. Usinikalishie mtu asiyekuwepo.

Baba yako

16 Mei

Baba, shikamoo.

Ile ya kwanza nilikuwepo. Ya pili wakaniongezea zamu, na programu ina sehemu ya kuiachia icheze yenyewe. Nikasema, mara hii tu. Halafu ukaandika kuhusu shati. Nikakosa pa kuanzia. Sikuweza kuvumilia kukuwaza umevaa shati, umekaa dirishani, na upande wa pili hakuna mtu.

Jumamosi hii nakuja mwenyewe. Zamu waseme watakavyo.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba.

Mpira wa kwanza uliukosa. Wa pili uliukosa. Wa tatu, kibao chako kilikwenda juu wakati mpira uko chini, kama mtu anayefukuza nzi. Nikacheka hadi mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Mashine haiwezi kucheza vibaya namna ile.

Tulipofika tisa kwa nne, kibao chako kikasimama. Nikadhani umeme umekatika kwako, lakini pembeni ya skrini paliandikwa bado upo. Nikangoja. Halafu nikaelewa: umelala, kichwa mezani, na huo unga wako kwenye nywele.

Ningeweza kukufunga nitakavyo. Nikausimamisha mchezo. Nikapunguza sauti ya huku hadi mwisho, kama kwamba ingekufikia.

Nikakaa. Mpira umening'inia katikati, kibao chako kushoto kimetulia, changu kulia. Sikukusimulia kitu, usije ukaamka. Jua likahama kutoka kwenye skrini likaenda ukutani, na bado paliandikwa upo.

Usinijibu leo. Lala.

Baba yako