Korongo Limemfikia Babu

Paskalia, korongo limefika kwa babu. Nakwambia limemfikia babu!

Wale wageni wa jiolojia walikuja kupiga picha. Ukuta wa korongo kweli unapendeza: chini mweupe wa chokaa, katikati wa njano, juu mwekundu kwa kutu ya chuma. Mmoja akasema, "Maji hula tabaka laini la chini, la juu huanguka lenyewe." Hajamaliza, pande la udongo likaanguka.

Wakapiga makofi. Makofi, Paskalia!

Akauliza, "Na ule mstari mweusi kule juu?"

Nikamwambia ni samadi. Lile ni zizi la babu, na mwaka 1953 akazikwa humo humo, kama wenye miji, wakuu wa kaya wa Kisukuma, wanavyozikwa. Njia ya ng'ombe wake kwenda kunywa maji ndiyo hiyo iliyogeuka korongo.

Jiwe la kaburi sasa linaning'inia, nusu liko hewani.

Wakashusha kamera. Shangazi Zipora, bintiye wa mwisho, akatambaa hadi ukingoni: "Shikamoo baba. Sogea ndani kidogo."

Sogea ndani!

Mvua imeanza, Paskalia. Koleo ninalo. Nizibe wapi?