Friji ya Chanjo na Faili la Baba Mdogo

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta ya friji ya chanjo imekufa. Haikuugua, imekufa tu. Wameleta mpya, nailoni bado iko kwenye kioo. Programu aliiandika Baba Mdogo kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kabla hajastaafu na kuniachia kiti. Ndiyo inayopima joto na kuwasha na kuzima mashine ya baridi. Kwa sasa anayewasha na kuzima ni muuguzi wa chanjo, kwa mkono, kipimajoto cha kioo kikining'inia shingoni. Usiku anapokewa na mlinzi. Joto likipita nyuzi nane, chanjo ni za kutupa, na kliniki ya watoto ni Jumamosi.
Nimewaambia kesho nitakuwa nimemaliza. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi
Programu haikompailiki, yaani maandishi ya Baba Mdogo hayageuki kuwa kitu mashine inachoweza kuendesha. Inasema faili la maelezo ya maktaba halipo. Maktaba ipo, nimeiona kwa macho yangu! Saa mbili nzima nabishana na mashine. Kumbe maktaba huja kwa vifurushi viwili: kimoja cha wanaotumia programu, kingine cha wanaoijenga. Nilikuwa na cha kwanza tu. Nimeweka cha pili. Kosa lilikuwa moja, sasa yako thelathini na moja. Maendeleo.
Nyumbani wifi — yuko kwetu tangu ajifungue, mtoto wake anachanjwa Jumamosi — kauliza ni maktaba gani hiyo isiyo na vitabu. Nikamwambia ni kazi zilizoandikwa na wengine, sisi tunaazima. Akasema, ahaa, mnaomba chumvi kwa jirani.
Mume wangu kasema si nimpigie Baba Mdogo tu. Siku ya kumuaga, mzee alisema ukikwama nipigie. Nikamjibu mbele ya ofisi nzima: mimi sikwami. Basi sipigi.

Jumatano, 5 Machi
Makosa thelathini na moja, wimbo mmoja: kazi imeitwa, haionekani ilipo. Chanzo? Kwenye amri nimetaja maktaba kwanza, faili letu baadaye. Linka, ile inayounganisha vipande vya programu, husoma kuanzia kushoto. Ikifika kwenye maktaba kabla hajatokea wa kuihitaji, inaipita. Nikahamisha neno moja kwenda mwisho wa mstari, thelathini yakafutika. Siku nzima, neno moja!
Likabaki moja. Kazi ya kusoma joto iko mara mbili: ndani ya maktaba, na kwenye kifaili cha Baba Mdogo cha mistari tisa. Zamani labda maktaba haikuwa nayo. Juu ya kifaili kaandika: Usiguse. Hilo si geni, Baba Mdogo kaandika Usiguse kila mahali, hata kwenye faili la kuonyesha saa. Ya maktaba imeandikwa na wajuzi wa dunia nzima. Yake kaandika yeye. Nikafuta yake.
Imekompaili. Imelinki. Kimya, hata onyo moja hakuna!

Alhamisi, 6 Machi
Kioo cha kompyuta kinasema nyuzi tano. Tano tangu asubuhi. Nikamwambia muuguzi, kapumzike mama, hicho kipimajoto weka kabatini. Akasita, akasema amezoea kujionea mwenyewe. Nikamwambia mashine haisinzii. Akakivua. Macho yake mekundu, maskini. Daktari kanipa mkono mbele za watu. Nimefurahi, sitaficha.

Ijumaa, 7 Machi
Tano.

Jumamosi, 8 Machi
Benchi limejaa akina mama, wengine wako kwenye ngazi. Muuguzi kafungua friji, kashika chupa, kasimama. Hii haina baridi, kasema. Nikamwonyesha kioo: tano. Akaenda kabatini. Kipimajoto kikakaa ndani dakika kumi. Kumi na moja!
Daktari kauliza kibovu ni kipi. Wote wakanitazama. Nikasema huenda ni hicho cha kioo, kimezeeka, nipeni dakika tano nihakikishe. Ndivyo nilivyosema. Akasema sawa, ila watu wametoka mbali, hawezi kuwaweka.
Niko chooni, daftari magotini. Nimempigia Baba Mdogo. Shikamoo, marahaba mwanangu. Kauliza kama sensa ya friji, kile kidude kinachohisi joto, bado iko pale juu, panapotoka upepo wa baridi. Ndiyo, nikasema. Basi hiyo husoma pungufu kwa nyuzi sita, kasema, ndiyo maana mimi naziongeza kwenye kile kifaili kidogo. Kisha taratibu: hujakifuta, mwanangu?
Nikasema mtandao unakatika. Nikakata.
Wifi anabisha hodi. Kasema daktari amechoka kusubiri, na kwa kuwa sisi ni watu wa nyumbani, wanaanza na mtoto wetu. Toka basi umshike wewe, mimi sindano naogopa.