Mgeni Mwepesi Kuliko Wote

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yamepoa na kile kikohozi cha asubuhi kimeshika adabu. Ukiniuliza mimi, mwili hauna neno, ila moyoni nina donge.

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu ambaye akilala siku moja tu, chuo kikuu kinafunga milango. Sijisifu. Tangu nikabidhiwe mitungi ya gesi hapa bohari, hakuna maabara, hospitali wala fundi wa kuchomelea anayeanza kazi kabla sijapitisha mkono wangu. Wananiita Profesa wa Mitungi, na maprofesa wenyewe hawajabisha. Juzijuzi mtungi mmoja ulikatika koki ukaruka ukuta kama kombora. Nikazunguka mbio, nikaudaka upande wa pili ukiwa bado hewani, nikaurudisha begani. Dereva wetu anadai wakati huo nilikuwa chini ya lori, lakini yule macho yake ni ya kuazima.

Sasa umeniandikia kuuliza kwa nini nimekataa kuja Jumamosi kumuaga binti yako, naye anakwenda kufanya kazi ng'ambo, kurudi hakujulikani, na ameniulizia kwa kinywa chake. Ukasema mjomba mzima hanuni kama mtoto aliyenyimwa andazi. Haya, keti nikueleze. Kwenye simu ungenikatia.

Siku ya mhadhara wake wa mwisho magoti yalikuzuia, nikaubeba ukoo mzima mimi. Nilivaa lile koti la kahawia. Safu ya mbele kulikuwa na kiti kilichowekwa karatasi ya jina la mtu, nikaikalia karatasi. Nikawaarifu jirani wa kulia na wa kushoto kwamba msemaji ni mpwa wangu, mimi ndiye niliyemfundisha kutazama juu, na hiyo haidrojeni atakayoitaja hutoka bohari kwangu. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza kwa adabu kama mimi ni mkemia. Nikamwambia mkemia ni mdogo wangu.

Binti akaanza. Dada, mtoto anazungumza! Akasema juu kabisa, kupita mawingu, kupita njia za ndege, iko hewa nyembamba ambayo ndani yake mna ozoni, na ozoni ndiyo inayotukinga na makali ya jua. Ozoni ni oksijeni tatu zilizoshikana. Lakini mvuke wa maji nao hupanda hadi huko, na ukifika, jua linaupasua, inachomoka haidrojeni peke yake, haina mwenzi, haitulii. Hapo nikamgusa yule mama kwa kiwiko: hiyo ndiyo bidhaa yangu.

Kisha akaziacha picha za ukutani, akasema atatoa mfano wa nyumbani ili hata ambaye hakusoma apate lake. Nikajua amenikumbuka.

Akasema tuchukue nyumba yenye watu watatu walioshikana. Anabisha hodi mgeni mwepesi kuliko wote: hana mzigo, hana mke, ana maneno tu. Anakaribishwa. Akiondoka, anaondoka na mmoja, nyumbani wanabaki wawili. Huyo aliyemchukua hakai naye pia. Wakikutana njiani na mpweke mwingine anamwachia, na hao wawili wanaanza maisha yao. Na mgeni? Akasema hilo ndilo la ajabu. Mgeni anatoka vilevile alivyoingia, hajapungukiwa hata unywele, anakwenda kubisha hodi nyumba ya pili, na ya tatu. Ndiyo maana haidrojeni kidogo tu inaweza kumaliza ozoni nyingi.

Ukumbi ukanyamaza. Binti akanywa maji. Yaliyofuata hapo si ya muhimu sana.

Wakati wa kurudi, dereva, aliyekuwa amesimama nyuma mlangoni, hakuwasha lori. Akaniuliza kama yule shemeji niliyemsimulia, yaani mumeo, tuliyekwenda naye kwenye dhahabu, si ndiye niliyemwacha kwa mjane mwenye mgahawa. Nikamjibu ndiye. Akauliza nyumbani alibakiza wangapi. Nikafungua mdomo nimjibu wawili, nikaishia kumtukana yeye na lori lake.

Basi asante ya punda ni mateke. Mimi sikumfunga shemeji kamba. Nilisema tu kwamba huko dhahabu inachotwa kwa kofia, nikasema kama ninavyosema mambo yangu yote, yeye akaenda kununua kofia. Miguu ilikuwa yake. Na hayo ya miguu ni maneno yako, dada, uliyatamka mezani huku ukinimiminia chai. Sasa nauliza: ikiwa ulinisamehe sebuleni, mtoto ulikuwa ukimwambia nini jikoni? Au hukumwambia kitu, akakua akikitazama kile kiti kitupu cha baba yake akajijazia mwenyewe? Hilo linaniuma zaidi, maana hapo sina wa kumlaumu.

Tena umwambie msomi wako kuna mahali hesabu yake imekwenda upande. Mgeni alipungukiwa. Shemeji ndiye mtu pekee aliyewahi kuniamini, na tangu nirudi bila yeye, ukiacha kwako, hakuna nyumba ya ndugu inayonipa chai kupita mlangoni. Watu wanaicheka hadithi, kisha wanaangalia saa. Haidrojeni yake haijui hayo, mimi nayajua.

Hata hivyo nitakuja Jumamosi. Nitabeba mabegi yake, kubeba ndiyo kazi yangu, na sitasimulia kitu. Nisalimie majirani wote, na yule fundi cherehani wa mlango wa pili mwambie suruali yangu aliyoipunguza sasa inanitosha nikishika pumzi. Wewe jikande magoti kwa maji ya moto, usiwe mbishi.

Limebaki moja, na hili lisitoke kwako. Binti alipomaliza mfano wake na ukumbi ukanyamaza, mtu mmoja alisimama safu ya mbele akapiga makofi, peke yake, kwa nguvu, akageuka na kuwapungia mkono walioko nyuma. Ni mimi, dada. Nilidhani anaisifu gesi yangu. Akanitazama muda mrefu, macho yamemjaa machozi, ndipo akanywa yale maji. Anaamini nilielewa kila neno nikakubali mbele za watu, na nadhani ndiyo sababu ameniulizia. Mwache aamini hivyo hivyo.

Ni mimi kaka yako,
wa bohari