Poli au Chuma Kitupu

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Vipi mgongo, vipi macho, na ile mikono bado inatunga uzi bila miwani? Mimi ni mzima, ila kucha zimekuwa nyeusi mpaka nimeacha kuzisugua. Mwambie mama akiiona picha niliyotuma asigune. Alizaa fundi gereji, si bibi harusi.

Gari letu limefika pazuri. Injini imefungwa upya, silinda zote nane, inasubiri tu kurudishwa chini ya ile boneti ndefu uliyokuwa ukiifuta kwa shati lako. Sasa nimekwama kwenye jambo dogo lenye ubishi mkubwa, nalo ni mauntingi, yaani vile vikalio vinavyoishika injini kwenye fremu. Zile za mpira za zamani zimeoza. Mezani nina aina mbili. Za kwanza ni chuma kitupu. Ukifunga hizo injini haichezi hata kidogo, nguvu yote inakwenda kwenye magurudumu, lakini mtikisiko wote anaupata aliyeketi, kuanzia makalio mpaka meno. Za pili ni za poli, ile plastiki ngumu kama soli ya kiatu. Zinaishika injini vizuri na bado zinameza mtikisiko.

Wenzangu hapa, hasa yule tunayemwita Kipara, wanasema poli ni mto wa kulalia. Jumamosi huwa wanashindana kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, na wanataka gari letu liwemo. Mimi moyo wangu uko kwenye poli, lakini gari ulilinunua wewe ukiwa kijana, mimi nimelifufua tu. Sema neno nami nitafunga utakachosema.

Mpwa wako


19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Mikono ipo, macho nimeyaazima dukani. Mama yako picha ameiona, na anasema hata fundi gereji huolewa. Hayo ni yenu, mimi simo.

Funga poli. Injini siijui, mimi ni wa cherehani, lakini cherehani langu mwaka ule lilikuwa likishona linatembea lenyewe kuelekea mlangoni, mpaka nikaliwekea vipande vya mpira chini ya miguu. Kitu kinachotikisika kinamchosha anayekitumia. Huyo Kipara mwachie chuma chake. Mtu ambaye hata nywele zimemkimbia atamshauri nani?

Kuna jingine, nakwambia wewe tu, kwa kuwa mficha uchi hazai. Tangu ile operesheni ya kibofu mwili wangu si wa kuaminika. Daktari ameniruhusu kusafiri, mradi nisitikiswe sana. Nimepanga kuja mwezi wa nne kwa treni, taratibu, unizungushe mjini na gari letu mara moja, nikiwa nimeketi mbele kama mtu mwenye mali. Suruali ya siku hiyo nimeshaikata. Ya kijivu, pindo limelala vizuri, hata wewe utaona wivu.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia unakuja. Hapa sote wazima, joto tu linatutoa jasho kama tumemwagiwa.

Usiwe na wasiwasi kuhusu mauntingi. Ulivyosema ndivyo nilivyofanya, nimefunga poli. Gari limeshawaka na linanguruma kidogo, ukilisikia usishtuke, silinda nane hazijui kunong'ona. Njoo na suruali yako.

Mpwa wako


28 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Nilifika salama, na mama yako hajambo. Nimemwambia nimerudi mapema kwa sababu ya mafua. Akikuuliza, ni mafua.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Naanza na kiti. Nisamehe kwa kiti chako, najua ulikishonesha upya kwa ajili yangu. Kikiwa bado kinanuka, maji ya siki husaidia.

Hatukuwa hata tumefika mbali. Nilikuwa nimejikaza, nimeuma meno, nikikutazama ulivyofurahi kushika usukani, nikaona haya kukukatiza. Nilipokwambia simama, ukasimama, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika. Sitasahau tuliporudi, kuvuka uwanja wa gereji na suruali ile, kwenda kwenye bomba la nje, mbele ya vijana wa watu. Kipara alicheka. Sikumlaumu, hata mimi ujanani ningecheka. Wewe ukanishika bega ukasema, "Ni umri tu, mjomba, usijali." Ulisema vizuri, na ni kweli. Kama mwili umeshindwa hata na poli, gari lililotengenezwa likae laini kwa ajili yangu, basi mwili ndio umekwisha.

Kwa hiyo nimekata shauri. Kliniki ya mwezi wa sita, ya kukagua kidonda cha operesheni, sitakwenda. Ni mwendo wa saa tatu za mashimo na matuta, na siwezi kukaa kwenye kiti cha basi nikiwa hivi. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe ndiye uliyeiona yangu, nakuomba uifunike.

Mjomba wako


9 Mei

(Haikutumwa)

Mjomba,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Hazikuwa poli. Zilikuwa chuma.

Poli nilikuwa nazo mkononi, Mjomba, nimeshaanza kuikaza ya kwanza. Kipara akapita akasema, "Mwacheni bibi afunge godoro lake," na gereji nzima ikaangua kicheko. Ni maneno tu, nimesikia mabaya kuliko hayo. Lakini siku ile niliifungua, nikafunga chuma. Nikajiambia nitashindana Jumamosi moja, halafu nibadilishe kabla hujaja. Jumamosi ile tukawa wa pili, watu wakanipigia makofi, wakaniita fundi. Nikaongeza Jumamosi nyingine.

Ulipofika umevaa suruali ya kijivu, kubadilisha kungenichukua nusu siku, na ningelazimika kukueleza unasubiri nini. Nikajidanganya kwamba tutakwenda polepole. Mimi fundi, najua kabisa kwamba chuma hutikisa zaidi injini ikienda polepole.

Ulikuwa umeniambia habari za kibofu. Mimi peke yangu. Na bado nilipokushika bega nikasema ni umri, Kipara akiwa pale anasikiliza, niliona afadhali uamini mwili wako umeoza kuliko yeye ajue nilikudanganya. Naona haya. Nikioga naona haya, nikila naona haya, nikisifiwa kazi naona haya zaidi. Nimeandika barua hii mara


10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mafua yamepungua.

Kliniki usiiache, nakuomba. Mwezi wa sita nitakuja mwenyewe kukuchukua na gari letu, tutasimama kila utakaposema. Nimelikagua tena, nimekaza nati hapa na pale, limetulia. Jaribu mara moja tu. Ukikataa nitakuja hivyo hivyo nilale mlangoni.

Mpwa wako


24 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii si salamu tu. Daktari amenipima, kidonda kimepona ndani na nje. Nilimweleza yaliyonipata mwezi wa nne, akaniuliza nilipanda nini. Nikamwambia gari lenye vikalio vya poli. Akatikisa kichwa, akasema haelewi.

Mimi nimeelewa. Nilipanda gari lako nikiwa nimeweka taulo chini, kumbuka. Tukapita mashimo yote yale, matuta yote yale, kwenda na kurudi, na taulo nikalikunja likiwa kavu. Lile halikuwa gari la mwezi wa nne. Nikakuuliza umelifanya nini, ukasema umekaza nati. Mpwa wangu, nimeshona nguo za watu maisha yangu yote, najua mtu anaponiambia amepunguza kidogo kiunoni kumbe amebadilisha suruali.

Nilikungoja useme. Nilikungoja mpaka tukafika kliniki, nikakungoja nikiwa kwenye foleni, nikakungoja njia nzima ya kurudi. Ulinisimulia habari za bei ya mafuta.

Chuma hakikuniuma. Ujana una mambo yake, na najua kuchekwa kunavyouma. Kilichoniuma ni kwamba ulinitazama nikifua suruali yangu bombani, ukijua, ukaniacha niamini nimekwisha. Miezi miwili sikutoka nje. Kama usingenilazimisha, kliniki nisingeikanyaga tena, na ningekufa nikiamini uongo wako.

Aibu ile nimeibeba kama yangu, nikailalia, nikamwongopea dada yangu kwa ajili yake. Leo nakurudishia, maana ni yako. Mimi sina tena haja nayo.

Daktari anataka kuniona mwezi wa tisa. Njoo unichukue. Sitakuuliza kitu, lakini safari hii usinisimulie bei ya mafuta.

Mjomba wako