Mlango Usiuuze

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wamekula, wamekwenda shule. ~~Ule mlango ulio nyuma ya kitanda uuze, nimechoka kusemwa.~~

Usiuuze. Nilikuwa naandika hapo juu benki wakapiga simu. Mkopo umepita, wa kununua ile nyumba kuukuu na wa kuikarabati, yote pamoja.

Asubuhi uliposema hajaonekana mwanamume mwingine aliyenunua mlango kabla ya nyumba, iliniuma, hasa shemeji alivyocheka. Sasa mwambie ajiandae kuubeba.

Dada wa benki kasema, "Mzee, bila sahihi ya mkeo hatutoi kitu." Nikamjibu, "Atakuja amenuna, lakini atasaini." Usiniangushe. Njoo benki kabla ya saa sita, na kitambulisho. Simu yako umeiacha kitandani, ndiyo maana naandika.

Mimi napitia kwanza kule kwenye nyumba kupima kama mlango utaenea. Usipoenea tutabomoa ukuta kidogo, si pesa ya ukarabati ipo? Rangi chagua wewe, hata ile ya waridi niliyoikataa.

Baba watoto, mwenye mlango.
Ukisaini, sote wenye nyumba.