Dawa ya Aabo Haitaki Jua

Sankuri,
Garissa.
12 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Kerrow,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Naivasha, wewe na mkeo Hani na watoto, na kwamba kifua cha Hani kimepata nafuu na ile baridi yenu. Wazazi wetu, alhamdulillahi, hawajambo. Aabo amekonda kidogo. Hooyo goti bado linamsumbua, lakini ulimi wake ni mzima kabisa.

Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu Aabo huwa ameketi papo hapo, nami haya siwezi kuyasema akisikia.

Ile dawa ya viwavi uliyomtumia ilifika salama. Ulisema ndiyo mnayotumia kwenye maua, kwamba ina vijidudu vinavyomuua kiwavi bila kumdhuru mtu. Aabo aliipiga tena na tena, na viwavi wakaendelea kutoboa nyanya kana kwamba wamemwagiwa maji matupu. Akaacha kuongea, unamjua. Tangu ukame ummalizie ngamia, shamba hili ndilo pekee alilobaki nalo. Kisha nikamsikia kwenye simu akimuahidi binamu yetu Salah, wa Eldas, kwamba atakwenda kumchungia ngamia kwa mshahara. Baba yetu, Kerrow, kwa umri ule, nyuma ya ngamia wa mtu mwingine. Nililia jikoni.

Nikapiga simu kwenye duka ulikoinunua. Mwenye duka aliuliza jambo moja tu: mzee anapiga dawa saa ngapi? Nikamwambia adhuhuri, jua likiwa kali. Kumbe tatizo ndilo hilo. Jua huviua vile vijidudu juu ya majani kabla kiwavi hajavila. Sasa Aabo angejuaje? Maisha yake yote amewapiga mbuzi dawa ya kupe juani ili manyoya yakauke upesi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba dawa nayo inaweza kufa. Wewe nawe huko mnapulizia ndani ya mabanda ya plastiki, jua la Garissa umelisahau. Sikulaumu sana.

Sikutaka aone namfundisha kazi. Wakati wa chai nilimweleza tu kwamba vilivyomo ndani ya chupa vina uhai. Akasema, "Basi na hawa pia nimewaua kwa jua." Nilimhurumia, nikamwongezea chai.

Lakini kesho yake alianza upya. Sasa chupa inakaa ndani, kando ya mtungi wa maji, na ole wako ukiisogeza. Anasubiri jua likaribie kuzama ndipo achanganye dawa, na kuitia molasi kidogo kama mwenye duka alivyoshauri, ili ishike kwenye majani na kuvikinga vijidudu. Anainama kupulizia hata chini ya jani. Hooyo anamtania kwamba yeye hajawahi kuhudumiwa hivyo tangu aolewe.

Viwavi hawajaisha, nisikudanganye. Ila wengi sasa wamelegea, wananing'inia weusi kwenye majani, na nyanya changa zinakua bila tundu. Asubuhi Aabo huzunguka mistari yote kabla hata ya kunywa chai.

Jana Salah alipiga simu kuuliza anakuja lini. Aabo, macho kwenye chupa yake kando ya mtungi, akamwambia atafute mchungaji mwingine, kwa kuwa yeye ana mifugo yake ya kuangalia.

Ukipiga simu, usimguse kwa habari za Eldas. Nisalimie Hani na uwabusu watoto, hasa Ilhan. Hooyo na shangazi Bishara wanakusalimu sana. Mola awahifadhi na atufikishe Ramadhani sote tukiwa na afya.

Dada yako akupendaye,
Arbia